BIBI WA TITANIC ALIYETAFUTA MAJINA YA WALIO HAI

Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 15 Aprili 1912, meli iitwayo Carpathia ilikuwa ikipita polepole baina ya majabali ya barafu katika bahari ya Atlantiki, ikiokota watu kutoka katika mashua. Wenye nguvu walipanda kwa ngazi za kamba, waliolegea wakavutwa juu, na watoto wadogo wakapandishwa ndani ya magunia. Hao ndio waliosalia katika abiria na mabaharia wa Titanic. Walikuwa kiasi cha watu 700. Waliobaki majini walikuwa kiasi cha 1,500.

Katika waliopanda alikuwamo mama mmoja wa Kimarekani, mnene wa mwili, umri wake miaka 44, ambaye usiku kucha alikuwa amepiga kasia kama baharia. Jina lake Margaret Brown.

Ulimwengu umemjua bibi huyu kwa michezo ya kuigiza na sinema, na humo ameonyeshwa kuwa mwanamke wa vituko, mwenye sauti kubwa na fedha nyingi. Kwa maoni yangu amedhulumiwa. Lililostahili kukumbukwa ni lile alilolifanya katika siku tatu na ushei za safari ya Carpathia kwenda New York. Alitembea baina ya waliookoka, akaulizia nani yu hai na nani hayuko, na akayaandika majina.

Msomaji aweza kuuliza, kuandika majina kuna kazi gani? Lakini watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Mume akipotea baharini na maiti isionekane, mke hukaa njia panda. Hajui kama ni mjane wa kukaa eda ama ni mke wa kungojea mumewe. Mali haigawanyiki. Kadhi hana budi kuulizia na kusubiri kabla ya kukata hukumu, na katika vitabu vya sheria mtu aliyepotea hivyo ana mlango wake mahsusi, huitwa mafkudi. Jina moja lililoandikwa sawasawa laweza kuondoa mashaka ya miaka.

Sasa na tumwangalie huyu Margaret alikuwa nani.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1867 katika mji wa Hannibal, jimbo la Missouri, kando ya mto Mississippi. Wazazi wake, John na Johanna Tobin, walikuwa Wakatoliki waliotoka Ireland, watu maskini. Baba alikuwa kibarua katika kiwanda cha gesi. Elimu ya shule Margaret aliipata kidogo tu, na alipofika umri wa miaka 13 alikuwa ameshaingia kazini katika kiwanda cha tumbaku.

Mwaka 1886 alimfuata kaka yake hadi Leadville, mji wa machimbo ya madini ulioko juu sana katika milima ya Colorado. Huko akapata kazi katika duka la nguo, akishona mazulia na mapazia. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba azma yake ilikuwa kuolewa na tajiri, ili baba yake apumzike na kazi ngumu. Badala yake akampenda mtu wa machimboni asiyekuwa na kitu, James Joseph Brown, ambaye watu walimwita J.J. Walioana tarehe 1 Septemba mwaka huo huo. Wakajaaliwa watoto wawili, Lawrence mwaka 1887 na Helen mwaka 1889.

Maisha yao ya mwanzo yalikuwa ya jasho. Margaret alisaidia kupika chakula cha kuwagawia jamaa za wachimbaji waliokuwa na shida. Shida ilizidi mwaka 1893, bei ya fedha ilipoporomoka na machimbo mengi kufungwa. Hapo ndipo bahati ya Bwana J.J. ilipofunguka. Alikuwa msimamizi wa mgodi uitwao Little Jonny, na chini ya mgodi ule palikuwa na mchanga uliokuwa ukibomoka na kuwazuia wachimbaji kushuka zaidi. Yeye akabuni njia ya kuushikilia kwa mbao na marobota ya majani makavu. Walipofika chini wakaikuta dhahabu, tena kwa wingi. Kampuni ikampa hisa 12,500 na nafasi katika halmashauri yake. Maskini wa jana akawa tajiri wa leo.

Mwaka 1894 wakanunua nyumba kubwa ya mawe mjini Denver. Matajiri wa zamani wa mji ule, kama ilivyo desturi ya matajiri wa zamani kila mahali, hawakumpokea kwa mikono miwili binti wa kibarua. Margaret hakukaa kulia. Alianza kujisomesha akiwa mtu mzima mwenye watoto. Mwaka 1901 alikwenda New York kusoma lugha na maandishi ya wataalamu. Alijifunza Kifaransa na Kijerumani, na Kirusi pia kiasi cha kusikilizana na watu. Akaingia katika kazi za jamii, akimsaidia hakimu Ben Lindsey aliyeanzisha mahakama ya watoto mjini Denver, ili vijana wakosaji wasitiwe jela pamoja na wahalifu wakubwa.

Ndoa yake haikudumu vizuri. Mwaka 1909 yeye na J.J. wakatengana kwa mapatano. Talaka haikuwapo, maana dini yao haikuiruhusu, lakini kila mmoja akashika njia yake, na bibi akapewa fedha za matumizi na nafasi ya kusafiri.

Safari ndiyo iliyomfikisha Misri mwanzoni mwa mwaka 1912. Alikuwa Cairo pamoja na binti yake Helen, katika msafara wa John Jacob Astor, mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa Marekani, aliyekuwa amemwoa mke kijana aitwaye Madeleine. Bibi Brown alinunua vitu vya kale, akatazama makaburi ya Mafirauni, na inasimuliwa kwamba alijipatia kisanamu kidogo cha Kimisri cha rangi ya samawati akakitia mfukoni kama hirizi. Ndipo ikaja habari kwamba mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa Lawrence, ni mgonjwa huko Marekani. Bibi akafunga mizigo na kutafuta meli ya kwanza. Iliyopatikana ni Titanic.

Helen alikusudia kurudi na mama yake, lakini akabaki Ulaya. Kwa kuwa uamuzi ulifanywa kwa haraka, watu wachache sana walijua kwamba Margaret amepanda meli ile. Hata katika jamaa zake wengi hawakuwa na habari. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ajali ilipotokea yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wale ambao watu wao hawakujua watafutwe wapi.

Alipanda tarehe 10 Aprili katika bandari ya Cherbourg, Ufaransa, kwa tiketi ya daraja la kwanza. Astor na mkewe nao walipanda hapo. Na katika bandari ile ile, jioni ile ile, walipanda vilevile Waarabu wengi kutoka nchi ya Sham, wakati huo ikiwa chini ya Sultani wa Kituruki. Walitoka katika vijiji vya mlima wa Lebanon na jirani zake, kama Hardin na Kfar Mishki, wakaenda Marekani kutafuta riziki. Hao walishuka daraja la tatu. Katika daraja la kwanza alikuwamo Mwarabu mmoja wa Misri, Hammad Hassab, mkalimani na mwongozaji wa wageni mjini Cairo, aliyeandikwa kazi na Mmarekani Henry Sleeper Harper na kusafiri naye.

Habari za kuzama zimesimuliwa mno, sitazirudia kwa urefu. Usiku wa Jumapili tarehe 14 Aprili, saa tano na dakika 40, meli iliparuza jabali la barafu. Saa nane na dakika 20 usiku ikatoweka. Mashua zilikuwa 20 tu, zenye nafasi ya watu 1,178, hali waliomo melini walizidi 2,200. Na hata nafasi hizo hazikujazwa. Mashua nambari 6, aliyotiwa Bibi Brown, ilikuwa na nafasi ya watu 65, lakini iliondoka na watu wasiofika 30.

Aliyekuwa na amri katika mashua ile ni Robert Hichens, ambaye ndiye aliyekuwa ameshika usukani wa Titanic ilipogonga. Mabaharia wetu wasingemsifu. Alikuwa mtu mwenye hofu, akawakatisha tamaa waliomo, na wanawake waliposihi warudi kuwaokoa waliokuwa wakilia majini alikataa. Bibi Brown akawagawia wanawake wenziwe makasia, akawafundisha kuvuta, ili angalau damu zao zichemke katika baridi ile. Hichens alipozidi kulalama, inasimuliwa kwamba bibi alimtishia kumtupa majini. Mashua haikurudi. Jambo hilo walioishi waliishi nalo.

Carpathia ilikuwa imetoka New York ikielekea bahari ya Mediterania iliposikia wito wa simu ya upepo. Nahodha wake, Arthur Rostron, akageuza meli na kukimbia usiku baina ya barafu, akafika kiasi cha saa kumi alfajiri. Kufikia saa mbili unusu asubuhi mashua ya mwisho ilikuwa imefika ubavuni.

Hebu tufikiri hali ya mle ndani. Wanawake walisimama kwenye ukingo wa meli wakitazama kila mashua inayokuja, wakitarajia kuona uso wa mume au mtoto. Mashua ya mwisho ilipokwisha kupandishwa, hapakuwa na la kutazamia tena. Wako waliokuwa na wenzao wa lugha moja wa kuwaliwaza. Wako wengine, hasa wa daraja la tatu, ambao hawakujua neno la Kiingereza. Mwanamke ameamshwa usiku, ametiwa mashuani bila kuambiwa la maana, mumewe ameachwa juu. Sasa yuko katika meli asiyoijua, haelewi anayoambiwa, na wanaomwambia hawaelewi anayouliza.

Hapo ndipo zile lugha alizojifunza Bibi Brown ukubwani zilipofaa. Mwenyewe alikuwa amechoka, hajalala, lakini alizunguka akigawa mablanketi na chakula, akakaa chini na wale wageni, akawauliza kwa Kifaransa, kwa Kijerumani na kwa Kirusi. Unaitwa nani? Ulikuwa na nani? Wako wapi watu wako, na nani wa kukupokea ukishuka? Majibu yakaingia katika orodha za waliookoka.

Akaona pia kwamba jina pekee halitoshi. Wengi wa wale wanawake walikuwa wamepoteza mume, fedha, nguo na kila kitu, na sheria za uhamiaji za Marekani hazikumpenda mgeni asiye na kitu. Akawakusanya matajiri waliookoka, ikaundwa kamati ya walionusurika, na yeye akachaguliwa mwenyekiti. Kabla Carpathia haijatia nanga New York alikuwa amekwisha kupata ahadi za michango zinazokaribia dola 10,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Katika mkasa huu wote mimi sijaona tajiri mwingine aliyeutumia utajiri wake kwa haraka namna hii.

Huku nyuma, nchi kavu, mambo yalikuwa yamevurugika. Siku ile ile ya Jumatatu magazeti kadhaa ya Marekani yalichapa kwamba abiria wote wamesalimika na Titanic inavutwa kupelekwa Halifax. Watu wakashukuru, wakalala. Kesho yake wakaamka na habari nyingine kabisa. Ofisi za kampuni ya White Star zikajaa watu, New York na London, na Southampton hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mabaharia wengi na watumishi wa meli walikuwa wenyeji wa huko. Mji ule mmoja ulipoteza zaidi ya watu 500. Wanawake walisimama nje ya ofisi mchana na usiku, wakingojea karatasi zibandikwe ukutani.

Na karatasi zenyewe zilikuwa za mashaka. Carpathia ilikuwa na mtu mmoja tu wa simu ya upepo, kijana Harold Cottam, ambaye alikuwa hajalala tangu usiku wa ajali. Baadaye akasaidiwa na Harold Bride, mwenziwe wa Titanic, ambaye miguu yake ilikuwa imeumizwa na baridi. Majina yalitumwa herufi kwa herufi mpaka meli nyingine, na kutoka huko mpaka pwani ya Newfoundland, ndipo yakaingia magazetini. Kila mkono yalipopitia yaliharibika kidogo. Majina ya daraja la kwanza na la pili yalitangulia, ya daraja la tatu yakafuata nyuma. Hata Rais wa Marekani, William Taft, aliyetaka kujua habari za rafiki na msaidizi wake Archibald Butt, hakupata jibu, ingawa alituma manowari kwenda kuulizia. Butt alikuwa amekufa.

Kama jina la Mwingereza liliharibika, la Mwarabu je? Wale watu wa Sham walikuwa wameandikwa na makarani wasiojua Kiarabu. Herufi za koo zikatupwa, jina la baba likafanywa ukoo, na majina mengine yakageuzwa ya Kizungu kabisa. Jamaa zao waliokuwa wamekwisha kufika Marekani walisoma orodha wasimwone ndugu yao, kumbe pengine yumo. Na walioko vijijini walingoja barua. Wataalamu wamefanya kazi miaka mingi baadaye kulinganisha majina hayo na jamaa za Lebanon, mmoja mmoja. Hammad Hassab yeye aliokoka, katika mashua nambari 3 pamoja na Bwana Harper na mkewe, na jina lake nalo limechapwa kwa namna zaidi ya moja.

Carpathia iliingia New York usiku wa tarehe 18 Aprili, saa tatu na nusu hivi, mvua ikinyesha. Makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamesimama wakingojea. Astor hakushuka. Mkewe Madeleine, aliyekuwa na mimba, alishuka peke yake, na mwezi wa Agosti akazaa mwana aliyepewa jina la babake. Wenye jamaa walipokelewa na jamaa zao kwa vilio vya furaha au vya msiba. Bibi Brown hakuondoka. Alibaki melini mpaka kila mtu wa Titanic amekutana na wake, au amekabidhiwa kwa madaktari, au amepata mahali pa kuwekwa. Baada ya hapo ndipo alipofuata shughuli iliyomtoa Misri. Mjukuu alipona.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha ugumu wa kazi ile, nacho hakimhusu Bibi Brown moja kwa moja, ila hakiachiki. Katika waliookolewa walikuwamo watoto wawili wa kiume, mmoja hajafika miaka minne na mwingine wa miaka miwili. Walisema Kifaransa tu, na wenyewe walijua majina ya utani waliyoitwa nyumbani, basi. Katika orodha ya abiria baba yao alikuwa Hoffman. Hapakupatikana Hoffman yeyote wa kuwadai. Binti mmoja wa Kimarekani aliyenusurika, Margaret Hays, akawachukua kwake New York, na picha zao zikachapwa magazetini mpaka zikavuka bahari. Kule Nice, Ufaransa, mwanamke mmoja akaiona habari ile na kuwatambua wanawe.

Kumbe baba yao alikuwa Michel Navratil, fundi wa kushona nguo, aliyekuwa ameachana na mkewe na kuwachukua watoto kwa siri kuwapeleka Marekani kwa jina la uongo. Usiku ule aliwatia katika mashua, yeye akabaki. Mama akasafiri na kukutana nao New York tarehe 16 Mei 1912. Maiti ya baba ilipatikana, na kwa kuwa jina la Hoffman lilidhaniwa kuwa la Kiyahudi, akazikwa katika makaburi ya Mayahudi huko Halifax, naye alikuwa Mkatoliki. Yumo humo mpaka leo.

Halifax, mji wa bandari nchini Kanada, ndiko zilikopelekwa maiti zilizookotwa. Jumla walipatikana 328. Kati yao 119 walizikwa baharini, na 209 wakaletwa mjini. Mwandishi wa vifo na vizazi wa huko, John Henry Barnstead, alitengeneza utaratibu mzuri. Kila maiti ilipewa nambari, sura yake na nguo zake zikaandikwa, na vitu vyake vikatiwa katika mfuko wenye nambari ile ile, ili jamaa akija apate cha kutambulia. Ni kazi ya dhamana kama ile ya Bibi Brown, ila yeye alishika walio hai na huyu akashika wafu. Watu 150 walizikwa Halifax, na wengine wao bila jina.

Bibi Brown alikwenda Halifax baadaye, akaweka mashada ya maua juu ya makaburi hayo. Mojawapo ni kaburi la mtoto mchanga aliyezikwa mwezi wa Mei 1912, na mabaharia waliomwokota ndio waliomgharimia jiwe. Jina hakuwa nalo. Mwaka 2002 wataalamu wa damu na mifupa walidhani wamemjua, wakakosea. Mwaka 2007 wakapima tena, ikathibitika kuwa ni Sidney Goodwin, Mwingereza wa miezi 19, ambaye baba, mama na ndugu zake watano wote walikufa pamoja naye. Ilichukua miaka 95 kumrudishia jina lake.

Tarehe 29 Mei 1912, Carpathia iliporudi New York, Bibi Brown alipanda tena katika meli ile na kumkabidhi Nahodha Rostron kikombe cha fedha kwa niaba ya walionusurika. Mabaharia wote nao wakapewa nishani. Picha ya siku ile ipo, bibi na kofia yake kubwa, nahodha amesimama wima kama mlingoti. Kile kisanamu cha Misri nacho inasemekana alimpa nahodha.

Baraza la Senati lilipofanya uchunguzi wa ajali, lilisikiliza ushahidi wa watu wengi, lakini yeye halikumwita. Mtu aliyeongea na abiria wa madaraja yote na wa lugha nyingi kuliko pengine mtu mwingine yeyote melini hakuulizwa hata swali moja. Alikasirika, akaandika ushahidi wake magazetini.

Mambo yake ya baadaye ni mengi, nitayapitia kwa ufupi. Mwezi wa Aprili 1914 huko Ludlow, Colorado, askari waliwashambulia wachimbaji wa makaa waliogoma, na wanawake na watoto wakafa katika moto wa mahema. Wamiliki wa machimbo walikuwa watu wa tabaka lake yeye, na mali yake ilitoka machimboni. Hata hivyo alipeleka wauguzi, nguo na viatu kwa jamaa za wagomaji, akasema hadharani juu ya haki zao. Mwaka huo huo alitajwa kuwa atasimama kugombea kiti cha Senati, lakini vita vya Ulaya vilipozuka akaiacha siasa na kwenda Ufaransa, ambako alifanya kazi na kamati ya Wamarekani iliyowasaidia waliobomolewa makazi yao. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Legion d'Honneur mwaka 1932.

Bwana J.J. alikufa mwaka 1922, naye hakuacha wasia. Mama na watoto wakafikishana mahakamani juu ya urithi, na kesi ikachukua miaka. Ni jambo la kusikitisha kwamba bibi aliyewaunganisha watu wa wengine hakuweza kukaa vizuri na wanawe mwenyewe kwa muda mrefu, na nisingekuwa mkweli kama ningeliruka.

Aliaga dunia tarehe 26 Oktoba 1932, katika hoteli ya Barbizon mjini New York, akiwa na umri wa miaka 65. Uvimbe wa ubongo ndio uliomuua. Utajiri ulikuwa umepungua sana, na ile nyumba kubwa ya Denver ilikuwa imegeuzwa nyumba ya wapangaji.

Mwaka 1960 watu wa Broadway wakatunga mchezo wa nyimbo juu yake, na mwaka 1964 ukafanywa sinema. Humo wakamwita Molly. Katika uhai wake wote hakuna aliyemwita hivyo. Jina lake lilikuwa Margaret, na nyumbani akiitwa Maggie. Lakini Molly lilifaa zaidi katika wimbo, basi likashika, na mpaka leo ndilo wanaloulizia wageni. Mwaka 1970 wenyeji wa Denver waliunda chama, wakachanga fedha, wakaikomboa ile nyumba isibomolewe, na sasa ni makumbusho.

Yeye mwenyewe alizikwa Westbury, karibu na New York, kando ya J.J., mume aliyetengana naye bila ya kuachana.